Kelele za kliniki ya meno na masikio ya wanaofanya kazi humo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudiwa na madaktari na matabibu wa meno, wauguzi na wasaidizi wao, na mafundi wa maabara ya meno. Mafundi ndio huuliza mwishoni kabisa, wakati wenzao wameshaondoka, ingawa wao ndio wenye haja zaidi ya majibu. Ukitafuta jambo moja tu, nenda moja kwa moja kwenye swali lako. Pale jambo lilipoelezwa mahali pengine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Kelele za kliniki ya meno zinaweza kweli kuharibu masikio?

Zinaweza, ila si kwa kila aliyemo humo. Hendipisi ya upepo (kifaa cha mkononi cha kuchimbia meno kinachozungushwa na hewa) iliyo nzima hufikisha kwenye sikio la daktari desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kati ya 65 na 80 hivi. Ikichakaa hupanda zaidi. Mashine ya kunyonya mate na ile ya kuondolea ugaga huchezea eneo hilo hilo. Kikomo kinachopendekezwa na NIOSH, taasisi ya utafiti wa afya na usalama kazini ya Marekani, ni desibeli 85 kwa wastani wa saa 8 za kazi. Kwa hiyo daktari anayeziba meno kwa vifaa vizima, na kupumzika kati ya mgonjwa na mgonjwa, kwa kawaida yuko chini ya kikomo.

Mambo hubadilika kwenye maabara ya meno, penye kusaga, kukata plasta, kung'arisha na kupuliza vumbi kwa bomba la upepo. Huko desibeli 85 hupitwa kila siku. Hubadilika pia kwenye kliniki yenye viti vitatu au vinne ndani ya chumba kimoja, na pale ambapo hendipisi hutumiwa hadi ife yenyewe.

Desibeli 88 si juu kidogo tu ya 85?

Hapana, na hapa ndipo wengi hupotea. Desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Kila zikiongezeka 3, nishati ya sauti inayoingia sikioni huwa mara mbili, kwa hiyo muda salama hukatwa nusu. Kwa kipimo cha NIOSH, desibeli 85 ni saa 8, 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na 100 ni dakika 15 tu.

Tuchukue mfano. Daktari anachimba meno kwa jumla ya saa 2 kwa siku, na kelele sikioni mwake ni desibeli 78. Ukizisambaza saa hizo 2 kwenye siku ya saa 8 unapata desibeli 72, na hapo hana tatizo. Fundi aliye kwenye mashine ya kung'arishia kwa saa 4 katika desibeli 92 anapata 89 kwa siku. Huyo amevuka, tena kwa zaidi ya mara mbili ya dozi ya kelele inayoruhusiwa kwa siku, na wote wawili wanafanya kazi chini ya paa moja.

Sikio huharibikaje hasa?

Ndani kabisa ya sikio mna seli zenye vinyweleo, kama 15,000 kwa kila sikio, na kazi yake ni kugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa neva. Kelele kubwa ya muda mrefu huzichosha, kisha huziua. Zikifa hazioti tena, na hakuna dawa wala upasuaji wa kuzirudisha.

Zinazotangulia kufa ni zile zinazoshughulika na sauti nyembamba, karibu na hezi 4,000 (mitikisiko 4,000 kwa sekunde). Sasa piga hesabu ya hendipisi: ikizunguka mara 300,000 kwa dakika, ni mara 5,000 kwa sekunde, na huo ndio mlio wake mwembamba unaousikia. Unaangukia jirani kabisa na mahali ambapo sikio la binadamu ni dhaifu kuliko kwingine. Kwa sababu hiyo mlio usioonekana mkubwa kwa namba bado unastahili kuangaliwa.

Nitajuaje kwamba usikivu wangu umeanza kupungua?

Dalili ya kwanza kwa kawaida huwa mlio masikioni baada ya kazi: nzii, filimbi, au mvumo unaousikia ukishalala na nyumba imetulia. Mwanzoni huisha kukipambazuka. Ukianza kuukuta upo asubuhi, usingoje.

Dalili ya pili huja kimyakimya. Utasikia kwamba watu wanaongea, lakini maneno hayashikiki. Irabu zina sauti nene na huendelea kusikika. Konsonanti kama s, t, f na sh ndizo hupotea. Kiswahili kinatuwekea mtego wake hapa: "sita" na "tisa" zina irabu zilezile kwa mpangilio uleule, kinachozitenga ni s na t tu. Mgonjwa aliyevaa barakoa anasema atakuja saa tisa, wewe unaandika saa sita. Likitokea mara moja ni bahati mbaya. Likiwa la kila wiki, nenda kapime (tazama swali la kipimo cha usikivu hapa chini).

Dalili ya tatu mara nyingi huonwa na watu wa nyumbani, wanapoanza kukuomba upunguze sauti ya televisheni.

## Nani yuko hatarini zaidi

Kati ya daktari, msaidizi na fundi wa maabara, nani anaumia zaidi?

Fundi wa maabara, bila ubishi. Mtazame akimalizia meno bandia. Ameinama, uso uko kama futi moja kutoka kwenye gurudumu, mkono wa kushoto umeshika akriliki (plastiki ya meno bandia), wa kulia unasukuma. Kila akibonyeza, sauti inapanda na kukwaruza, na akiachia inashuka. Nyuma yake mwenzake anakata modeli ya plasta, na kila baada ya dakika chache mmoja wao anafyatua bomba la upepo kuondoa vumbi, ule mlio mkali unaokufanya ufumbe macho. Mara nyingi chumba chenyewe ni kile kilichobaki baada ya vyumba vingine kugawanywa: kidogo, dirisha moja, kuta tupu, kompresa (mashine ya kukandamiza hewa) pembeni. Nimekuta maabara nyingi za namna hii, na kwenye nyingi kifaa pekee cha kinga kilikuwa miwani.

Msaidizi wa daktari anafuata, kwa sababu mbili. Mdomo wa bomba la kunyonya mate uko mkononi mwake, karibu na sikio lake kuliko la daktari. Pia yeye hatoki. Daktari anakwenda kuandika maelezo au kuzungumza na mgonjwa mwingine, msaidizi anabaki na vyombo, mashine ya kuoshea vifaa kwa mawimbi na otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke).

Daktari ni wa tatu, isipokuwa anayetengeneza krauni (vifuniko vya meno) na madaraja (meno bandia ya kudumu) siku nzima, au anayetumia vifaa vilivyochakaa.

Mgonjwa anadhurika?

Kwa dakika zake chache kwenye kiti, hapana. Kinachomsumbua mgonjwa ni hofu, na hasa mtoto husikia mlio kabla hajaona kifaa. Akitaka kusikiliza muziki kwa spika za masikioni, mruhusu aziweke sikio moja, mkubaliane kwamba akiinua mkono wa kushoto unasimama. Mwenye kifaa cha kusaidia kusikia ana swali lake mwishoni.

Nafanya kazi siku mbili tu kwa wiki. Nahitaji kujali?

Hesabu kelele zako zote, si za kliniki peke yake. Kuna daladala na matatu zenye muziki, jenereta ya nyumbani, spika za harusini na za ibada. Sikio halijui ipi ni ya kazi na ipi ni ya sherehe. Kwa kusikiliza muziki, Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima.

## Kupima

Nawezaje kujua kelele za kliniki yangu bila kifaa cha bei kubwa?

Anza bila kifaa. Simama mkono mmoja kutoka kwa mwenzako wakati mashine zinafanya kazi, kisha ongea kwa sauti ya kawaida. Ukilazimika kuipandisha ili asikie, kelele huenda imefika au kupita desibeli 85.

Hatua ya pili ni simu. NIOSH ina programu ya bure ya kupimia sauti kwa iPhone, na inaaminika kwa makadirio. Za Android hutofautiana sana kwa sababu maikrofoni za simu zenyewe hutofautiana, kwa hiyo zitumie kulinganisha: kabla na baada ya kubadilisha beringi za hendipisi, au chumba hiki na kile. Shika simu karibu na sikio la anayefanya kazi. Ukiilaza kwenye trei, unapima trei.

Namba zikikaribia 85, mwite mtaalamu mwenye kipimo kilichohakikiwa. Kuna kidude kidogo kinachobanwa begani siku nzima na kutoa dozi halisi ya siku hiyo, na ndicho kitakachokusaidia ikiwa jambo litafika kwa mwajiri au kwa mkaguzi.

Kipimo cha usikivu nikifanye lini na wapi?

Cha kwanza kifanye ukiwa unaanza kazi, masikio yakiwa bado mazima. Hicho ndicho kipimo cha msingi. Bila hicho, miaka 15 baadaye hutaweza kuonyesha kilichopotea, na utaambiwa ni umri. Kama umeshaanza kazi, kifanye mwezi huu. Kisha rudia kila mwaka kama uko maabara au karibu na desibeli 85.

Nenda ukiwa umekaa mbali na kelele angalau saa 14, ikiwezekana asubuhi baada ya siku ya mapumziko, la sivyo uchovu wa muda wa sikio utaonekana kama hasara ya kudumu. Kipimo hufanyika kwenye idara za masikio, pua na koo za hospitali kubwa, kama Muhimbili, KCMC na Bugando kwa Tanzania, au Kenyatta kwa Kenya. Omba nakala ya mchoro wenyewe, uutunze nyumbani na vyeti vyako. Ukiuona una bonde kati ya hezi 3,000 na 6,000, kisha unapanda tena, mwonyeshe daktari wa masikio, kwani hiyo ndiyo sura ya kawaida ya madhara ya kelele.

## Kupunguza kelele kwenye chanzo chake

Nianzie wapi?

Kwenye beringi. Kabla hujanunua chochote cha kuvaa masikioni, sikiliza hendipisi zako moja moja. Weka bari (ncha ya kuchimbia), kanyaga pedali bila kugusa jino. Nzima hutoa mlio mmoja mwembamba uliotulia. Iliyochoka huyumba, au huwa na kitu kama mchanga ndani yake, na ukiachia pedali husimama ghafla kwa kukwaruza badala ya kufifia polepole. Igeuze, uguse mgongo wa kichwa chake baada ya dakika moja ya kazi. Ikiwa ya moto, beringi zimekwisha.

Sababu kubwa ya kufa mapema ni mafuta: kuingiza otoklevuni bila kutia mafuta kama mtengenezaji alivyoagiza. Inafuata presha ya upepo kupita kiasi. Wapo wanaoongeza presha ili bari ikate haraka, lakini wanachopata ni kelele zaidi na beringi zenye maisha mafupi. Pima presha kwenye hendipisi yenyewe, si kwenye kompresa. Bari iliyopinda au butu nayo hutikisa kila kitu, na bei yake ni ndogo kuliko ya kitu chochote kingine kwenye trei hiyo.

Hendipisi ya umeme ina kelele ndogo kweli?

Kwa kawaida ndiyo. Huzunguka hadi mara 200,000 hivi kwa dakika, na mlio wake ni mnene zaidi, hauchomi. Ni nzito mkononi na ni ghali, pamoja na matengenezo yake. Kama bajeti inaruhusu kununua moja, mpe anayetengeneza krauni nyingi. Kama hairuhusu, fedha ya seti moja itatengeneza beringi za hendipisi nyingi za upepo, na kwa kliniki ya kawaida mimi ningefanya hivyo.

Kompresa na jenereta niziweke wapi?

Nje ya chumba cha matibabu na nje ya maabara. Kompresa zisizotumia mafuta, ambazo ndizo zinazofaa kliniki, hupiga kelele kuliko za mafuta. Iweke juu ya raba nene ili mtikisiko usipite sakafuni, na uiunganishe kwa bomba linalopindika. Ukiijengea kibanda, acha nafasi ya hewa. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, kompresa iliyofungiwa kabisa itajizima katikati ya kazi.

Jenereta isiwekwe ukumbini hata umeme ukikatika mvua ikinyesha. Moshi wake una kaboni monoksaidi, ambayo huua, na hata kwa kiasi kidogo huzidishia sikio madhara ya kelele.

Vigae, kuta tupu na muziki vina uhusiano gani na haya?

Vigae sakafuni na ukutani hurudisha sauti, na kwenye chumba cha matibabu huwezi kuviondoa kwa sababu ya usafi. Dari ndiyo nafasi yako: mbao za dari zinazonyonya sauti, na zinazopangusika. Kizuizi kati ya kiti na kiti husaidia, kwani mashine mbili zinazolingana huongeza desibeli 3. Muziki wa kufunika kelele uache, au uwe wa chini sana. Redio inayoshindana na mashine ya kunyonya mate ni kelele ya tatu chumbani.

## Vizibo vya masikio

Nikivaa vizibo, nitamsikiaje mgonjwa?

Chagua aina yenye kichujio, wanayovaa wanamuziki. Hushusha sauti zote kwa usawa, maneno yakabaki maneno, ila ya chini. Vile vya sponji hukata zaidi sauti nyembamba, hivyo usemi huwa kama unatoka chini ya maji, na sauti yako mwenyewe inavuma kichwani. Sponji waachie watu wa maabara, ambao hawaongei na mgonjwa.

Namba iliyoandikwa kwenye pakiti ilipatikana maabara, kwa watu waliofundishwa kuvaa. Kwa vizibo vya sponji, NIOSH ilishauri mwaka 1998 uikate nusu. Namna ya kuvaa ndiyo kila kitu: kisokote kiwe chembamba, pitisha mkono mwingine nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 20 hadi 30 kikivimba. Fanya hivyo kabla ya glavu, mikono ikiwa safi. Usikitoe na kukirudisha katikati ya mgonjwa.

Pamba inatosha? Na spika za masikioni zinazofuta kelele?

Pamba haitoshi. Hupunguza desibeli chache tu, na huacha nyuzi ndani. Spika zinazofuta kelele zimetengenezwa kwa mvumo mnene kama wa ndege au basi, hazifanyi vizuri hivyo kwa mlio mwembamba wa hendipisi, na nyingi hazikupimwa kama kinga ya kazini.

Navaa hijabu na miwani. Nitumie nini?

Vizibo vya ndani ya sikio, chini ya hijabu. Vifuniko vikubwa vya masikio hutegemea kubana ngozi pande zote. Kitambaa au mkono wa miwani ukipita katikati, kelele huingia hapo.

## Sheria na mwajiri

Sheria inasema nini?

Kenya ina kanuni mahususi za kelele kazini za mwaka 2005. Mfanyakazi asikae kwenye kelele zaidi ya wastani wa desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24, wala kilele cha 140 wakati wowote. Kelele zikizidi 85, mwenye mahali pa kazi anatakiwa awe na mpango wa kuzidhibiti na kulinda usikivu. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, na inamtaka mwajiri awapime afya wafanyakazi kabla ya kuwapangia kazi na kila baada ya muda. Kliniki ni mahali pa kazi kama kiwanda. Kipimo cha usikivu kiombe kiwe sehemu ya upimaji huo.

Kwa maoni yangu, fanyia kazi 85 hata kama sheria yako inaruhusu 90. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara tatu ya nishati.

Mwajiri ananiambia "hiyo ndiyo kazi yenyewe". Nifanye nini?

Mpelekee namba: tarehe, mashine, dakika, desibeli. Kisha omba jambo moja dogo lenye bei, kama beringi za hendipisi mbili au kuhamisha kompresa. Andika ombi na ubaki na nakala. Upotevu wa usikivu unaotokana na kelele umo kwenye orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani. Madai ya fidia, iwe kwa WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) Tanzania Bara au chini ya sheria ya mafao ya majeraha kazini ya Kenya ya 2007, husimama juu ya kumbukumbu, hasa kile kipimo cha msingi.

## Hali za pekee

Nina mimba. Kelele zitamdhuru mtoto?

NIOSH hushauri wajawazito waepuke maeneo yanayozidi desibeli 115, hata wakiwa na vizibo, kwa sababu vizibo vinamlinda mama tu. Kliniki ya meno haifiki huko. Kama uko maabara, omba kuhamishwa kutoka kwenye mashine zenye kelele kubwa, na usiegemeze tumbo kwenye meza inayotetemeka.

Natumia dawa kali. Zinaongeza hatari?

Baadhi ndiyo. Gentamaisini, streptomaisini, amikasini na sisplatini zinaweza kudhuru sikio la ndani. Kwinini na aspirini ya dozi kubwa huleta mlio, ambao mara nyingi huisha dawa ikisimamishwa. Usiache dawa kwa uamuzi wako. Mwambie aliyekuandikia kwamba unafanya kazi penye kelele. Zebaki ya amalgamu (mchanganyiko wa kuzibia meno) nayo imo kwenye orodha ya vitu vinavyoweza kudhuru usikivu, kwa hiyo sababu ya kuitunza vizuri imeongezeka.

Kipimo kimesema niko sawa, lakini masikio yanalia. Nani mkweli?

Inawezekana wote wawili. Kipimo cha kawaida huishia hezi 8,000 na hufanyika kimya. Uliza kama hospitali ina kipimo cha juu ya 8,000, na kile cha kusikia maneno penye makelele. Usitie mafuta ya nazi, maji ya kitunguu wala kitu chochote sikioni. Mlio wa sikio moja tu, au usikivu uliopotea ghafla ndani ya siku moja au mbili, ni wa kwenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu matibabu yake hutegemea kuwahi.

Mgonjwa au mimi mwenyewe navaa kifaa cha kusaidia kusikia. Inakuwaje?

Mgonjwa mweleze kila kitu kwanza, kisha azime au avue kabla ya hendipisi na mashine ya ugaga kuwaka. Akivua, kiweke kwenye kibakuli chenye jina lake, mbali na trei. Baada ya hapo ongea kwa mikono, na ushushe barakoa ukiwa umekaa mbali kidogo ili aone midomo.

Ukiwa wewe ndiye mvaaji, bado unaweza kufanya kazi hii. Mtaalamu wa usikivu anaweza kukupangia kifaa programu ya pili ya chumba cha matibabu, isiyokuza mlio mwembamba. Kubaliana na msaidizi wako ishara za mkono za vifaa mnavyotumia zaidi, na namba za meno aziandike kwenye ubao mdogo kabla hujachimba.